Kiganja cha Mama Mkwe

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia na imenifurahisha. Hapa Chanzuru hatujambo; mama yako anavuna mpunga, na babu yako kikohozi kimemwachia.

Umeniuliza kwa nini kila nikipika nakuita uonje chumvi, kama vile siuamini ulimi wangu. Nilipokuwa nimeolewa karibuni kule Vidunda, niliamka asubuhi moja mdomo umepinda upande. Mchuzi niliusikia moto, lakini chumvi sikuisikia. Uchungu wa mboga ya mnafu tu ndio ulinifikia, huko nyuma karibu na koo. Wewe unayesomea uuguzi uliwahi kunieleza kwamba joto lina mshipa wake wa fahamu na ladha ina wake. Wakati ule mimi nilijua tu kwamba maharage yangu hayaliki.

Mama mkwe hakunisema. Alianza kuja jikoni kabla sijapakua, ananyoosha kiganja: "Niwekee hapa, mwanangu." Akisha kulamba, ananiambia niongeze au niache. Mawifi walimcheka kwamba uzee umemletea ulafi. Naye akawa anakubali, "Njaa inanisumbua," ili wasijue kwamba ulimi wangu ndio mbovu.

Mdomo uliponyooka na ladha kurudi, nilimwambia. Akasema, "Tumshukuru Mungu." Kesho yake akaja tena na kiganja chake, nami nikamwekea.

Chumvi naisikia vizuri, Neema. Likizo ikifika, njoo unionjee.

Bibi yako