Gari la Sila na Zabibu za Mama

Debora, uko? Gari la kaka Sila limechukuliwa! Leo, nje ya kanisa, watu wakitoka ibadani wanaona.

Yule mtu wa mkopo wa gari alimwamkia mama vizuri tu, kisha akamwambia Sila ashuke. Ashuke! Na suti yake.

Sila akafoka, "Nyie ndio mlinikopesha. Mngeona siwezi, si mngeninyima?"

Jamaa akamjibu taratibu, "Kaka, tulikuuliza unapata kiasi gani kwa mwezi. Ukatutajia mwenyewe."

Shoga, aliwatajia hela ya mavuno! Zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, yeye akaitaja kama mshahara wa kila mwezi. Na dhamana ni shamba la mama, aliyekubali kwa kumwamini.

Mama hakupiga kelele, alimwambia Sila tu: "Baba, hata mbuzi wangu wanajua zabibu haziivi kila mwezi. Wewe ulikuwa unaishi wapi?"

Sila kang'ang'ania usukani. Mama akapitisha mkono dirishani, akachomoa ufunguo. "Chukueni gari. Shamba langu msiliguse."

Jamaa kasema gari likiuzwa likatosha kulipa deni, shamba litasalimika. Likitosha, Debora!

Tunarudi kwa miguu. Sila yuko nyuma yetu, na mpaka sasa anasema wamemwonea.