Barua Mbili za Mzee Stamat Zilizozuiwa Langoni

KITUO CHA POLISI, KAZANLAK
Maelezo ya shahidi kuhusu kupotea kwa Stamat Tabakov, miaka 68

Jina: Nedko Ralchev
Umri: Miaka 34
Kazi: Fundi wa kompyuta, kiwanda cha mafuta ya waridi cha Bi Gergina Tabakova
Makazi: Kazanlak
Tarehe: 11 Mei 2023, saa tatu asubuhi

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa.

Mwezi wa Machi barua pepe moja yenye faili baya iliingia kiwandani ikafunga kompyuta zetu zote kwa siku mbili. Baada ya hapo nikaweka lango. Zamani barua ya kiwanda ilikuja moja kwa moja kwenye seva yetu. Sasa inapitia kwanza langoni na kukaguliwa. Iliyo safi huletwa kwetu, inayotiliwa shaka huwekwa kando, na kila asubuhi lango humtumia mwenye barua orodha ya zilizozuiwa, ili kama ipo ya maana aifungue. Mimi napenda kulitazama. Nikikaa mbele ya kioo naziona barua zikitoka kwenye ukungu moja moja, zinasimama, zinaulizwa, zinapita. Sajini ameniambia nitaje saa na tarehe, ndoto niziache nyumbani. Naendelea.

Mnamo Ijumaa tarehe 5 Mei tulikuwa tunangoja Siku ya Mtakatifu Georgi, yaani kesho yake. Siku hiyo kila Georgi, Gergana na Gergina husherehekea jina lake. Hakuna anayealikwa. Mlango huachwa wazi, na anayekupenda anakuja. Asiyeweza hutuma salamu zenye picha ya maua au ya mwanakondoo, nyama ya sikukuu hiyo. Hadi saa tatu asubuhi salamu mia nne zilikuwa zimeingia, na barua za wanunuzi zilikuwa zimezama humo, huku mavuno yamebakiza siku kumi. Nikaenda kwa Bi Gergina.

"Shangazi," nikamwambia (si ndugu yangu, ndivyo tunavyomwita kiwandani), "umependwa mpaka seva inalia."

"Wanipende kimyakimya," akasema. "Nina mitungi ya kusafisha hapa. Zishikilie zote, mwanangu, nitazisoma baada ya mavuno."

Saa tatu na nusu nikaliamuru lango lizuie kila barua yenye neno la pongezi. Kisha, kwa akili yangu mwenyewe, nikaizima ile orodha ya asubuhi. Niliona itakuwa ndefu mno, itamchosha. Hilo hakuniagiza, wala hakujua. Naomba liandikwe hivyohivyo.

Tarehe 6 Mei, saa saba mchana, nilikuwa nyumbani kwake pamoja na watu kama thelathini. Mlango wa barabarani ulikuwa umewekewa jiwe usijifunge. Mwisho wa meza palikuwa na sahani moja safi, na kijiko upande wa kushoto. Ilikuwa ya kaka yake Stamat, ambaye hutumia mkono wa kushoto. Walikosana miaka tisa iliyopita juu ya shamba la baba yao, Gergina akitaka liachwe bila kulimwa tena, Stamat akikataa, na kaka akahamia Tryavna, ng'ambo ya mlima. Tangu hapo kila mwaka sahani hiyo huwekwa.

Jirani mmoja akamtania, "Gergina, huyo mgeni wako ni mzimu? Mwaka wa tisa huu hajaonja."

"Wewe kula," akajibu. "Inayopoa ni yake, si yako."

Kila hatua iliposikika kwenye ngazi aligeuka kutazama. Mimi nilimwona, nikaendelea kula.

Jumatatu tarehe 8 Mei, saa mbili asubuhi, sajini alifika kiwandani akasema mzee Stamat ametoka Tryavna tangu Jumamosi na hajarudi. Bi Gergina akasema, "Hajaniandikia hata herufi moja tangu aondoke." Nilikuwa chini ya meza natengeneza waya. Niliuacha waya hapohapo, kwa sababu niliikumbuka ile orodha.

Langoni nilikuta barua mia sita na kumi na mbili. Nilizifungua moja moja, waridi, kondoo, waridi, mpaka nikawa kama nimelala macho wazi. Saa nne kasorobo nilizipata mbili zake.

Ya kwanza ilifika tarehe 5 Mei, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi: "Hongera kwa jina lako, dada. Anwani hii nimeitoa kwenye chupa yako ya marashi. Najua kwetu mtu haalikwi. Lakini mimi nilipotoka niliubamiza mlango, kwa hiyo naomba neno moja. Kesho nakuja kwa treni. Ukiniandikia 'njoo', nitapanda mpaka kwako."

Ya pili, tarehe 6 Mei, saa tisa na dakika ishirini na tano alasiri, ilikuwa na picha ya benchi: "Hongera tena. Nipo stesheni tangu saa tano. Harufu ya nyama inafika huku. Hujajibu, nimeelewa. Naenda kuliona shamba la baba, kisha sitakusumbua."

Niliwaonyesha Bi Gergina na sajini, na sote watatu tukamkuta kwenye kibanda cha shamba hilo saa sita mchana. Alikuwa amelala juu ya magunia, kifua kinakoroma, kofia yake imejaa waridi za kwanza. Bi Gergina alivua aproni akamfunika.

"Nilikuandikia," mzee akasema.

"Sikuipata, Stamat."

Akageukia ukutani.

Tangu Jumatatu yuko hospitali na haongei na dada yake. Alielezwa habari za lango, akasema, "Mashine haina ugomvi na mimi. Aliyenifungia ana jina." Jana nilikwenda mwenyewe nikakiri. Akanitazama akasema, "Wewe unakula mkate wake. Utasema nini kingine?"

Ndiyo maana nimekuja mbele ya muhuri wa polisi. Jina analolitafuta ni langu. Kila nikilala namwona amesimama kwenye ukungu, kofia mkononi, na mimi namwambia asubiri. Naona aibu, na sijui pa kuiweka. Sikuja kujitetea. Naomba haya yasomwe mbele yake na mtu asiyekula mkate wa Gergina.

Hayo ndiyo maelezo yangu, nimeyatoa kwa hiari na hakuna nililolificha.

Sahihi: N. Ralchev

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kama alivyosema, nikamsomea, akakubali.
Sajini Vesela Doncheva

Nyongeza, siku hiyohiyo, saa nane mchana: Nimemsomea mgonjwa nakala wodini. Dada yake alikuwa kwenye ukumbi wa nje. Mgonjwa aliomba nirudie mahali penye kijiko, nikarudia. Kisha akasema nikitoka niuache mlango wazi.