Kikombe cha Udongo wa Mama

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, huku ughaibuni mtaa wetu wa Riverdale Park wote unanuka majani yaliyooza. Nimetoka zamu ya kuhudumia wazee na sikupitia hata nyumbani, nilikwenda moja kwa moja karakana ya ufinyanzi kufungua tanuri.

Kikombe kimeharibika.

Glezi, ile rangi inayoyeyuka motoni ikawa kama kioo, imechuruzika yote na kukigandisha kikombe kwenye kibao cha tanuri. Nilikigonga kidogo tu. Kitako kikabaki palepale, na mkononi nikabaki na vigae. Nililia, tena mbele ya darasa la wanaoanza.

Glezi hiyo niliichanganya kwa majivu ya jiko letu la nyama choma na udongo aliochimba mama, kule nyumbani Usangi. Mama amefinyanga vyungu maisha yake yote, na vyungu vyake hutoa jasho ukiweka maji. Aliponifungia udongo ule kwenye mfuko wa unga aliomba kitu kimoja, auone ukishika maji bila kuvuja. Magoti yamemkatalia, hachimbi tena. Na mfuko umekwisha.

Kosa ni langu. Vipande vya majaribio vilitoka vizuri mno kwa sababu udongo niliupima mkavu. Safari hii niliuloweka, nikauchuja, na kabla haujakauka nikauweka kwenye mizani. Nilikuwa na haraka, maana Mama Neema wa Woodbridge, ambaye angempelekea mama kikombe, anasafiri kwenda nyumbani Jumamosi na alishaniambia, "Dada, ntapack Ijumaa, please usiniangushe." Basi sehemu kubwa ya nilichopima ilikuwa maji. Majivu yakazidi, na majivu yakizidi glezi hukimbia.

Nimempigia mama nikamweleza ukweli. Akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa mwanangu, ulikuwa unawahi wapi?"



Kisha akauliza maji niliyosuuzia chujio niliyamwaga wapi. Sikuyamwaga. Yeye ndiye aliyenizoesha hivyo, hata hapa ndoo yangu hukaa chini ya meza na wenzangu huikwepa. Nimemimina maji ya juu polepole. Chini kuna tope, labda linalotosha glezi ya kikombe kimoja. Nimelitandaza kwenye sahani dirishani.

Mama Neema ataondoka mikono mitupu. Mama itabidi asubiri msafiri mwingine, na kwa umri wake kusubiri huko kunanitisha, siwezi kujidanganya.

Nimechoka mno. Lakini sahani ile siigusi mpaka ikauke kabisa.