Mpira au Barakoa ya Kooni

Kabula mjukuu wangu, mwangaluka. Huku Nyalikungu tumemaliza kuvuna pamba, na goti la babu yako limepoa.

Umeuliza kipi bora kwa mgonjwa wa nusukaputi: mpira unaoingia bomba la hewa, au barakoa ndogo inayokaa kooni, juu ya bomba hilo. Aliyeshiba mpe mpira, matapishi yasiingie mapafuni.

Lakini nikiwa muuguzi kijana nilimlaza kwa nusukaputi mama mmoja wa kijiji cha Lingeka, aliyefunga kula kabla ya upasuaji. Mpira ukagoma mara mbili, midomo yake ikawa ya bluu. Nikaushika tena. Daktari akasema, “Sista, anataka hewa, hataki mpira.” Nikaweka barakoa, kifua kikainuka.

Alipozinduka aliniuliza, “Mbona unanikazia macho?”

Nilikuwa nahesabu pumzi zake, nikaona aibu kusema.

Bibi yako Mbuke