Tundu Nililoziba kwenye Tangi la Mkwe Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako upesi kabla umeme haujakatika tena, maana ukikatika leo sebule ya binti yangu itafurika, na mwenye kosa ni mimi, wala si mwingine.

Mimi ni fundi bomba, huu mwaka wa ishirini na sita, na mkwe wangu ni kinyozi. Huyu kinyozi alijijengea tangi la samaki sebuleni, tangi kubwa la kioo juu na tangi dogo kabatini chini yake, maji yanashuka kwa bomba moja, yanachujwa kwenye sponji, kisha pampu inayasukuma yapande tena juu kwa bomba la pili, na mabomba yote kayakata na kuyaunga mwenyewe bila kuniuliza mimi, baba mkwe wake, ambaye nusu ya nyumba za mtaa huu zinaoga kwa kazi ya mikono yangu. Iliniuma, mshauri, sikufichi. Jumapili waliyotualika kuliona nilipiga magoti pale nikitafuta kosa, viungo vimekaa, koki imekaa, hata tone hakuna, nikazidi kununa, mpaka nikaona kwenye lile bomba la kupandisha maji, karibu kabisa na uso wa maji, tundu dogo la unene wa kijiti cha kiberiti linatema maji pembeni. Nilifurahi! Nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi. Nikajisemea, kinyozi ni kinyozi tu, na wenzangu walipokwenda mezani nikatoa mfukoni gundi yangu ya kukanda, ile inayoshika hata ndani ya maji, nikaziba, nikanawa mikono, nikala kwa raha zangu, nikinuia kumtania siku nyingine.

Jumatano yake mchana umeme ukakatika, nyumbani hakuna mtu, na binti yangu aliporudi kazini alikuta zulia linaelea. Nikaitwa mimi, fundi. Nikafungua kabati, na ndani ya mlango nikakuta karatasi kaibandika mkwe wangu, kachora bomba, tundu kalizungushia kalamu nyekundu, kaandika: "Tundu la hewa. Pampu ikizimika, bomba livute hewa hapa ili maji ya juu yasirudi yote chini. Lisafishwe kila Jumapili." Miaka yote hii nashughulika na maji yanayokwenda mbele, haya ya kurudi nyuma sikuyawazia hata siku moja! Hapo ndipo ningesema, lakini nikakunja uso wa kitaalamu nikatamka, "Presha kubwa mno hii, punguza koki nusu." Mkwe wangu akasema, "Sawa, Baba," akapunguza.

Sasa maji yanapanda kwa kusuasua, uchafu unatuama kwenye kona, samaki wanakuja juu kutafuta hewa, na mjukuu wangu ananiuliza, "Babu, mbona Mashavu anapiga miayo?" Mashavu ndiye samaki wake. Binti yangu kaapa maji yakimwagika tena mara moja tu, tangi linatoka, na mkwe wangu, masikini, juzi kamwomba radhi mkewe, kamwambia kosa ni lake, alipima vibaya, na mimi nimekaa palepale na kikombe mkononi. Wiki iliyopita alinunua biti mpya ya drili, nyembamba, akaiweka juu ya tangi, akaniambia, "Baba, hii nimekuachia wewe, siku ukijisikia." Nadhani anataka nimtundikie kioo kazini kwake, sijamwuliza. Kazini kwake siendi siku hizi, nywele nanyoa kwingine nikisingizia foleni, kwa kuwa siwezi kukaa kwenye kile kiti nikatazamana naye kwenye kioo. Nikisema, heshima yangu imekwisha. Nikinyamaza, kijana wa watu anapoteza tangi lake. Nifanye nini?

Fundi Mwenye Aibu

*

Fundi wangu, pole sana. Sasa niache kwanza nicheke nimalize.

Haya, nimemaliza. Kuziba tundu nakusamehe, kwa sababu kumtaka fundi bomba aone bomba linatema maji halafu alipite ni kumwonea. Lakini ile "punguza koki nusu" sikusamehei ng'o! Hapo ulijua, ukadanganya, na sasa Mashavu anahema kwa ajili ya heshima yako. Mtu mzima na ndevu zako!

Tena rudi usome barua yako mwenyewe, maana naona uliiandika macho yamefumba. Mkweo aliandika kwamba tundu lisafishwe kila Jumapili. Nani analisafisha? Yeye. Basi Jumapili iliyofuata mafuriko aliweka kidole pale, akakuta gundi ya fundi. Nyumba hiyo ina mafundi bomba wangapi? Na biti nyembamba kama kijiti cha kiberiti inatundika kioo gani cha kinyozi, jamani? Hiyo ni ya kulitoboa tundu lako! Mkweo anajua, baba. Anajua, na amejibebesha kosa mbele ya mkewe ili wewe usivuliwe nguo. Angeweza kulifungua mwenyewe kwa dakika tano, lakini binti yako angeuliza lilizibwa na nani, naye hataki kukutaja. Amekuachia mlango wazi, na zulia lake ameliweka rehani akikusubiri. Wewe unazunguka mtaani ukinyolewa na watu baki.

Sasa nisikilize. Jumamosi hii asubuhi nenda, na usipige simu kwanza, utapata kisingizio. Funga koki yote ndipo uzime pampu, usije ukawafurikisha tena kwa mkono wako. Chomoa kipande cha juu cha lile bomba, toboa palepale alipotoboa yeye, si pembeni kidogo kwa ujuzi wako. Suuza vumbi la plastiki lisiingie kwa samaki. Rudisha bomba, washa pampu, fungua koki mpaka mwisho, mpaka uone kile kijitundu kinatema maji kama siku ile ulipokifurahia. Kisha mwite binti yako, vua viatu, simama kwenye zulia, na umwambie mkweo azime swichi ukutani. Maji yatarudi kidogo, bomba litavuta hewa, kimya. Miguu yako ikiwa bado mikavu, sema: "Mimi ndiye niliyeziba. Mume wako alipima sawasawa." Usiongeze neno. Usianze hadithi za presha. Binti yako atafoka, na atakuwa na haki, jikaze kisabuni.

Heshima yako unayoililia haimo kwenye gundi, fundi. Imo mikononi mwa huyo kinyozi, na kaitunza vizuri kuliko wewe.

Ukitoka hapo nenda ukapange foleni kazini kwake, hata iwe ndefu mpaka barabarani. Kaa kwenye kile kiti, inua uso, mtazame kwenye kioo. Amejua tangu Jumapili ile alipoikuta gundi, na bado anakuita Baba.