Baba, Hatukudhulumiwa

Temeke, Dar es Salaam
Jumatatu, saa kumi jioni

Kwako Baba mpenzi, Mzee Issa,

Shikamoo Baba. Shikamoo tena kwa niaba ya mkweo Zuhura, ingawa hayupo hapa ninapoandika, na nitakueleza kwa nini. Goti lako linaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Korosho za mwaka huu zimeshaokotwa zote au mvua imewawahi? Nijibuni hata kwa mistari miwili. Mie mwili ni mzima. Kidonda cha ugoko kimefunga na homa imekwisha.

Barua yako niliipata Ijumaa pale kiwandani. Niliifungulia nyuma ya ghala la marobota ya pamba, nikaisoma mara tatu. Umeniandikia kwamba wewe na Mzee Chilumba hamsalimiani tena. Kwamba alisema kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mwenyekiti, kuwa mtoto wako aliuza mechi kwa wageni, na wewe ukasimama ukamwambia mwanao hakuuza, mwanao alidhulumiwa na refa. Kwamba msikitini umehama safu ili usikae karibu naye. Baba, mtu uliyechimba naye kisima!

Umeniambia, "Niandikie yaliyotokea nimsomee hadharani." Nimekaa siku tatu na maneno hayo. Sasa naandika yaliyotokea. Kama utayasoma hadharani au la, utaamua mwenyewe ukishafika mwisho.

Nianze mbali kidogo, maana najua huko redio ilikuwa inakatikakatika na wengi hawakuelewa kwa nini mechi ya mpira iliamuliwa kwa sarafu.

Haya mashindano ya klabu bingwa za Afrika ni machanga, Baba. Tulipokuwa kwenye ndege kwenda kwa wale wenzetu wa Afrika Magharibi, Katibu wa klabu yetu alitusimulia habari zake ili tusiogope mawingu. Alisema yalianza juzijuzi tu, nchi zetu zilipokuwa zinapata uhuru moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza kabisa, timu nne zilizobaki zilikusanyika Ghana, zikamalizana huko huko, na Wakameruni wakaondoka na kikombe. Baadaye ndipo ukaja utaratibu huu wa leo: mnakwenda kwao, wanakuja kwenu, mabao yanajumlishwa. Akatueleza pia fainali moja ambayo Waghana na Wakongo walitoka sare huku, wakatoka sare na kule. Ikapangwa mechi ya tatu katika nchi nyingine. Wakongo wakafika. Waghana hawakutokea, na inasemekana habari ya mechi haikuwafikia wachezaji. Kikombe kikaenda Kongo. Sie tulicheka sana ndani ya ndege. Maulidi, kipa wetu, akasema, "Yaani mtu unakosa ubingwa wa Afrika nzima kwa sababu ya posta!"

Siku hizi sicheki.

Kwao tulitoka sare, bao moja kwa moja. Hiyo mliisikia. Tuliporudi, watu walitupokea uwanja wa ndege kama mawaziri. Kiwandani msimamizi alinipa siku nne za mapumziko, na akina mama wa mtaani wakamletea Zuhura maandazi bila kuombwa. Nilikuwa nahodha wa timu ambayo ikipita hapo, itaingia robo fainali ya Afrika. Nakwambia haya, Baba, usije ukadhani kwamba watu wa hapa ni wabaya tangu mwanzo. Walinipenda sana.

Marudiano yalichezwa kwenye uwanja ule mpya wa huku kwetu Temeke. Walitangulia wao kufunga. Tukasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, nadhani mlisikia kelele kabla redio haijazimika. Sheria ya mashindano ni kwamba mkilingana mabao ya mechi zote mbili, mnaongezwa nusu saa. Mkilingana tena, refa anarusha sarafu. Nusu saa ile ilikwisha bila goli. Miguu yangu ilikuwa imekakamaa.

Refa akatuita katikati ya uwanja, mie na nahodha wao. Wachezaji wengine wakabaki mbali, washika vibendera wakawazuia watu. Kwa hiyo aliyeona ni refa, yule nahodha, na mie. Hakuna mwingine. Wanaosema waliona wanasema uongo, hata kama walikaa jukwaa la mbele.

Refa alitoka nchi ya kaskazini, Kiingereza chake kidogo kama changu. Akatoa sarafu ya kwao mfukoni, akatuonyesha: upande mmoja kichwa cha mtu, upande mwingine maandishi. Nahodha wa wageni akaninyooshea mkono, kwamba mie wa nyumbani ndiye nichague. Nikasema, "Kichwa," nikagusa changu ili refa aelewe. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini kichwa. Baba, sikuwa na sababu. Hakuna mwenye sababu pale.

Akarusha. Uwanja mzima ulinyamaza, nikasikia hata jenereta ya watu wa redio. Sarafu ikaanguka kwenye shimo dogo lililochimbwa na njumu za viatu, haikulala. Ilisimama kwa ubavu, imeegemea udongo. Ukiitazama kutoka nilipokuwa, kichwa ndicho kilichoonekana. Upande wa pili ulikuwa umefichwa na udongo.

Refa akainama akaitazama. Kisha akanitazama mie, akazungusha kidole hewani, kuuliza kama arudie. Yule nahodha mwenzangu naye akanitazama. Alikuwa kijana wa rika langu, damu imemkauka puani. Alikuwa ananisubiri.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Hapo ndipo penyewe, Baba. Sababu ya kukubali ndiyo ambayo sijamwambia mtu mpaka leo. Ningependa kukuandikia kwamba nilikumbuka malezi yako, kwamba nilipima haki. Sikupima kitu. Nilikuwa nimechoka, nilitaka yaishe. Na sarafu kweli haikuwa imelala. Akaiokota, akaipangusa kwenye kaptula, akarusha mara ya pili. Ikalala chali kwenye nyasi. Maandishi.

Yule kijana hakuruka. Alinishika mkono kwanza, ndipo wenzake wakamfikia wakamwangusha chini kwa furaha. Mie nilibaki nimesimama pale.

Sasa jukwaani walichokiona ni hiki: refa amerusha, ameinama, amenitazama, mie nimetikisa kichwa, akarusha tena, tukatoka. Kabla sijafika chumba cha kubadilishia nguo neno lilikuwa limeshatoka, kwamba Bakari alishinda mara ya kwanza akakubali irudiwe. Kesho yake likawa Bakari aliuza. Keshokutwa wakawa wanajua na mahali nilipopokelea fedha, hoteli ambayo mie sijawahi hata kuingia.

Siku ya tatu Katibu alikuja nyumbani na karatasi iliyopigwa chapa. Alikaa kwenye kigoda cha Zuhura, akaniambia kwa upole kabisa:

"Ndugu Bakari, tunakata rufaa kwa wakubwa wa mpira wa Afrika. Soma, uweke sahihi hapa chini."

Nikasoma. Iliandikwa kwamba sarafu ililala ikionyesha kichwa, kwamba refa aliiokota kwa nguvu, na kwamba mie nilipinga kwa sauti.

"Katibu, haikulala," nikamwambia. "Na sikupinga."

"Nani anajua hilo?"

"Mie. Na yule nahodha wao."

"Yule yuko kwao. Litakuwa neno lake na neno lako. Wewe unadhani wao wangekuwa wewe wangesita?"

"Sijui wangefanya nini."

Zuhura alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Asubuhi ile wanawake walikuwa wameisogeza ndoo yake bombani, wakamwambia mke wa tajiri hapangi foleni. Akasema, "Weka sahihi, baba Mwanaidi. Refa mwenyewe ameshaondoka. Nani ataumia?"

Nilishika kalamu, Baba. Nikaiweka ncha kwenye karatasi mpaka ikaacha doa la wino. Lakini mkono haukwenda. Usinisifu kwa hilo, maana haukuwa ujasiri. Niliona tu uso wa yule kijana ananisubiri niamue, nikashindwa.

Katibu akaikunja karatasi. "Rufaa inakwenda kabla ya Jumamosi au haiendi," akasema. "Bila sahihi ya nahodha haina uzito. Ukibadili mawazo, unajua ofisi ilipo."

Jumamosi ikapita. Jioni hiyo wanachama walikutana, wakanivua unahodha, akapewa Maulidi. Hakuna aliyeniuliza swali. Nilinyoosha mkono niseme, mwenyekiti wa mkutano akanitazama, akamwita mtu wa nyuma yangu. Maulidi alikuja kunishika bega nje. "Mie sijaomba, Beka," akaniambia. Nikamjibu najua. Tangu siku hiyo tunapishana kama watu wenye madeni, wakati hakuna anayemdai mwenzake.

Kiwandani nimehamishwa kutoka kwenye mashine, nabeba marobota. Msimamizi anasema ni mpango wa kazi tu. Wakati wa chakula nikikaa kwenye benchi, wenzangu ghafla wanamaliza kula na kuondoka.

Wiki iliyopita mtu aliandika kwa mkaa ukutani kwetu, sitalirudia neno lenyewe. Mwenye nyumba akatuomba tupake chokaa. Zuhura alipaka nusu ya ukuta, akaacha ndoo pale pale, akafunga nguo za mtoto, akaenda kwa dada yake Kinondoni. Jana nilikwenda. Dada mtu alinikaribisha vizuri, akanipa chai, akatuacha wawili. Nikamwambia Zuhura arudi nyumbani.

"Nirudi," akasema. "Bombani nitawaambia nini?"

"Waambie sikuuza."

"Nimewaambia. Wakaniuliza, kama hakuuza, mbona hakuweka sahihi? Niambie niwajibu nini, nitarudi leo hii hii."

Mwanaidi alikuwa amenishika kidole. Nikakaa mpaka chai ikapoa, nikaaga.

Ndiyo maana hayupo hapa.

Ulipoandika umewaambia watu wote kwamba nilidhulumiwa, nilifurahi, Baba, nisikufiche. Nilikaa nyuma ya lile ghala nikafurahi kwamba yuko mtu mmoja duniani ananitetea. Halafu nikaona kuwa unanitetea kwa maneno yale yale niliyokataa kuyatilia sahihi. Nikikaa kimya, utaendelea kumnunia Mzee Chilumba kwa jambo ambalo si kweli. Nikisema, nakunyang'anya kauli uliyoitoa mbele ya kijiji kizima, utaonekana mwongo wewe. Nimegeuza huku na huku sijaona njia ya tatu. Ningekuwa na nauli na ruhusa ningekuja nikwambie uso kwa uso, lakini kiwandani sasa hivi siwezi kuomba hata nusu siku, na barabara ya kusini najua ilivyo wakati huu wa mvua.

Basi kweli ni hii: Mzee Chilumba amekosea, sikuuza. Na wewe pia umekosea, Baba yangu, hatukudhulumiwa. Refa aliuliza, mie nikakubali, sarafu ikalala upande mwingine. Haina zaidi ya hapo, na hilo ndilo watu wanalokataa kuliamini. Wangeweza kunisamehe wizi. Kwamba hakuna mwizi, hawawezi.

Kama utakwenda kwa Mzee Chilumba, nenda. Kama huwezi, sitakulaumu, maana mie mwenyewe nashindwa kuvuka barabara kwenda kwa Maulidi. Siwezi kukuamulia. Wale wageni wanacheza robo fainali mwezi ujao. Nimejikuta nawaombea washinde, nisikudanganye.

Mazoezi ni kesho. Nitakwenda. Sijui kama watanipa jezi.

Nisalimie shangazi mwenye duka la chumvi, umwambie kanga aliyoagiza nimeshamwekea. Nisalimie mdogo wangu aliyeolewa ng'ambo ya mto, na mumewe. Msalimie mwalimu wa kisomo anayemfundisha Mama herufi. Nasikia Mama sasa anasoma majina ya watu wote kwenye magunia ya korosho.

Mama asisomewe habari ya sarafu, wala ya ukuta. Najua atauliza niliumia wapi. Mwambie nilicheza dakika zote mia na ishirini, sikutolewa, na goli la kusawazisha pasi niliitoa mie.

Wako katika kukuheshimu,

Bakari, mwanao