Nilivyoutafsiri Mji wa Mawinguni

Kibondo,
Jumanne, 12 Agosti 1997

Dada Asmahani,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kifua cha shemeji kimetulia, na watoto hapo Kasulu hawajambo. Mimi mwili hauumwi. Mengine yote ni mabaya.

Unaijua kazi yangu kwenye banda la video la mzee Gharibu: mkanda ukizunguka, nasimama kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, nawatafsiria watazamaji. Wewe mwenyewe hunicheka kwamba Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Ni kweli. Kinachobaki natunga, na ili kinoge naweka majina ya huku kwetu.

Jumamosi mchana tuliweka katuni moja ya zamani, ya mji unaoelea juu ya mawingu na msichana anayeshuka kutoka angani taratibu, wala haumii. Watoto wa kambini walijaa. Mbele kabisa alikaa Claudine, wa miaka tisa, anayelelewa na bibi yake Epifania. Yeye na mama yake walipotezana njiani walipokuwa wanakimbia Burundi.

Jumapili asubuhi Claudine hakuonekana. Leo siku ya tatu. Wanaume wanamtafuta upande wa mpakani, wakidhani amerudi kwao. Bibi Epifania amekuja bandani mara mbili kuniuliza kama mtoto alisema lolote. Nilimjibu kwamba sijui kitu. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru, dada.

Nilimdanganya. Msichana wa kwenye katuni alipoanza kulia, Claudine naye alilia kwa sauti, watu wakaanza kuguna. Nikataka anyamaze. Nikamtazama yeye, si televisheni, nikasema kwenye kipaza sauti kwamba mama hajafa, yuko hospitali ya Kabanga, anamngoja mwanawe. Akanyamaza papo hapo. Nikajiona fundi. Siku tatu zote nimefunga mdomo kwa woga.

Kama anafuata barabara ya Busunzu, leo au kesho atafika. Nakuomba kwa jina la Mungu, nenda Kabanga ukasimame langoni. Ana gauni la kijani, hana viatu. Barua hii nampa Melkiadi, dereva wa lori, akukabidhi mkononi. Nikishaifunga nakwenda kwa bibi Epifania kumwambia, na wakinipiga wana haki.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Ukimkuta, mpe chakula, mlaze. Akikuuliza mama yake yuko wodi gani, mwambie yule mtu wa video anakuja kumjibu mwenyewe.

Mdogo wako,
Dadi